Darasa Bila Fimbo

Mademoiselle Hortense alikuwa hapigi mtoto. Hilo lilijulikana shule nzima, na akina mama waliokuja kuandikisha mabinti zao waliulizia darasa lake hata kama binti mwenyewe bado alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Fimbo ilikuwa imekatazwa. Tangu uhuru, na tena tangu Katanga ijitangaze kuwa nchi peke yake, kanisani na shuleni ilisemwa waziwazi kwamba wakati wa kuchapwa umekwisha, na mtoto naye ni mtu. Walimu wengine walisikia, wakaficha fimbo zao nyuma ya kabati. Mademoiselle Hortense hakuficha kitu. Aliivunja yake mbele ya watoto, akaipeleka jikoni kwa masista ikawashiwe moto.

Kisha akaweka sheria yake mwenyewe. Akikuuliza swali na wewe hujui, unasimama. Swali linakwenda kwa mwenzako. Mwenzako akijua, anatoka kwenye benchi lake, anakuja mpaka mbele yako, anakupiga kofi moja. Kofi lisiposikika mpaka ubaoni, anarudia. Likikataa tena kusikika, mpigaji naye anasimama, na anaitwa mwingine kuwapiga wote wawili.

"Minye sigusake mutoto," Mademoiselle alikuwa akisema, huku akijipangusa chaki kwenye vidole. "Mwenye anajua anafundisha mwenye hajue. Benyewe kwa benyewe."

Na mwaka uliotangulia darasa lake la sita lilikuwa limepita karibu lote. Nani angebishana naye?

Mabenchi yake yalipangwa kwa nafasi. Wa kwanza alikaa mbele karibu na mlango, wa pili ubavuni pake, na kuendelea hivyo mpaka wa mwisho kabisa kule nyuma, chini ya dirisha lililozibwa kwa kadibodi tangu kioo chake kilipopasuka wakati wa risasi za mwezi wa tisa. Bibiane alikuwa amekaa karibu na mlango tangu Noeli. Bado kila asubuhi alipokaa pale alijiona kama amekalia kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo na atarudi sasa hivi.

Kiti kilikuwa cha Mélanie. Toka darasa la kwanza Mélanie alikuwa wa kwanza na Bibiane wa pili, na hakuna aliyeona ajabu, wala Bibiane mwenyewe. Lupango zao, viwanja vya nyumba zao, zilipakana, robinet ya kuchotea maji ilikuwa moja, na masomo ya nyumbani waliyafanya pamoja kwenye saruji ya mlango wa Mama Émérence, mama yake Mélanie. Mélanie ndiye aliyemwonyesha Bibiane jinsi ya kugawanya namba kubwa, kwa mawe ya kijani ya malachite yaliyookotwa Kamatanda. Bibiane alikuwa mwepesi wa kushika, lakini Mélanie alikuwa ameshashika kabla jambo halijasemwa.

Sasa Mélanie alikuwa ameanguka mpaka benchi la nyuma, chini ya kadibodi.

Mwaka huo nafasi ya kwanza ilikuwa na maana kuliko miaka yote. Masista wa Élisabethville walikuwa wakifungua shule ya kulala ya kufundisha mabinti kazi ya ualimu, na shule yao ya Likasi ilikuwa imepewa nafasi ya binti mmoja. Ma soeur Gertrude, sista direktrisi aliyeongoza shule, alitangaza kwamba mwisho wa mwaka atakuja mwenyewe kuwasomea dikte, yaani imla. Atakayeshinda dikte ile, na mwenendo wake ukiwa safi, ndiye atakayekwenda. Bibiane aliitaka nafasi hiyo mpaka alikuwa akiwafundisha kuku wa mama yake kusoma. Dada yake mkubwa aliacha shule akiwa darasa la pili, akaolewa na mvuvi wa ziwa la Tshangalele, na akija kusalimu mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki hata kwenye kucha. Bibiane alimpenda dada yake, lakini mikono ile hakuitaka.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili Mademoiselle aliita kutoka ubaoni:

"Mélanie. Umeme ya fabriki yetu inatoka wapi?"

Mélanie alisimama. Baba yake, Baba Germain, alitoka Kasai akiwa kijana, na kazi yake ya kwanza aliifanya kwenye barrage, lile bwawa la umeme, ya Mwadingusha. Mélanie alizaliwa kulekule, maji ya Lufira yakinguruma nyuma ya nyumba.

"Sijue, Mademoiselle."

Darasa lilicheka. Bibiane hakucheka. Aligeuka akamtazama, akadhani amesikia vibaya.

"Bibiane."

"Ku Mwadingusha, Mademoiselle. Ku mto Lufira."

"Muzuri. Enda umufundishe."

Bibiane alitembea katikati ya mabenchi. Alipomfikia, Mélanie alimtolea shavu kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Bibiane akapiga kwa ncha za vidole.

"Eko anapanguza mutoto kamasi!" akasema Germaine, msichana wa benchi la pili, asiye na undugu na Baba Germain, aliyekuwa na ulimi wa kuchoma. Darasa likacheka tena.

"Sikusikia kitu," Mademoiselle akasema bila kugeuka. "Rudia."

Akarudia. Safari hii lilisikika, na vidole vyake vikabaki vimechorwa kwenye shavu la Mélanie mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Jioni walikutana kwenye robinet. Bibiane aliweka ndoo chini kwa hasira.

"Ulizaliwa Mwadingusha! Unasema haujue?"

"Punguza sauti."

"Unanifanyia nini, Mélanie? Unataka nikupige kila siku?"

Mélanie aliangalia upande wa njia, akaangalia mlango wa mama yake. Tangu risasi za mwezi wa tisa, mama yake alikuwa hapiki tena nje, na pale kwenye robinet alikuwa haongei tena Kiluba cha kwao. Watu wa Kasai sasa walihesabiwa maadui wa Katanga, na wengi walikuwa wamekimbilia kambi. Wao walibaki kwa sababu siku ile jandarme, askari wa Katanga, walipokuja, baba yake Bibiane alisimama kwenye mlango wa lupango akasema hawa ni ndugu zangu, nani anawatafuta ndugu zangu? Jandarme wakapita. Lakini kesho wangeweza kurudi yeye akiwa kazini.

"Mama alikataza," Mélanie akasema. "Alisema huu mwaka haiko ya siye. Ukikuwa wa kwanza, bataanza kuuliza: huyu wa kwanza ni mutoto wa nani, baba yake alitokaka wapi. Ukikuwa wa mwisho, hakuna mwenye anauliza."

"Na makofi?"

"Makofi inapita."

Maji yalijaa ndoo yakamwagika, na hakuna aliyefunga.

"Lakini kofi yako njo mubaya," Mélanie akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Unapiga na vidole. Inauma, na haisikilike. Kisha unarudia, inauma mara mbili. Kuya nikuonyeshe."

Wakaenda nyuma ya jiko. Mélanie alikunja kiganja chake kidogo, vidole vimeshikana, katikati kukabaki shimo.

"Fanya mukono sawa kikombe. Kisha unapiga hapa juu, karibu na sikio. Haiko nyama njo inalia, ni hewa. Niliona bana ya baba mukubwa banacheza vile."

Walijaribu kwanza kwenye ukuta, kisha kwenye mapaja. Kiganja kilikuwa kikilia pa! kama chupa inayozibuliwa. Walijaribu kwenye mashavu, mmoja kwa mwingine, polepole kisha kwa nguvu, na kila kilipolia vizuri waliangua kicheko.

"Nani anapigiwa makofi kule?" Mama Marceline, mama yake Bibiane, aliita kutoka ndani. "Muko na arusi, na hamukunialika?"

"Tunasoma, mama!"

"Masomo ya kupigana?"

Wakazidi kucheka, mpaka Mélanie akakaa chini.

Ikafaa. Siku iliyofuata kofi la Bibiane lilisikika mpaka kwenye darasa la jirani, na Mélanie hakupepesa jicho. Mademoiselle aligeuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa unapiga sawa muntu mwenye anajua." Wasichana wengine waliona kwamba shavu la Mélanie halikuwa na alama, wakamfuata Bibiane nyuma ya vyoo, naye akawafundisha. Ilikuwa siri yao, na ilikuwa siri ya huruma. Hata Germaine alijifunza. Kabla ya Pasaka karibu wote walikuwa wakipiga kwa mkono wa kikombe, na Mademoiselle, asiyejua kitu, aliwaambia walimu wenzake kwamba nidhamu ya darasa lake imekomaa.

Aliyesimama mara nyingi kuliko wote alikuwa Mélanie. Kila mmoja, kwa zamu yake, alimpiga kwa upendo palepale karibu na sikio.

Baada ya Pasaka Bibiane alianza kuona mambo. Alimwita Mélanie kwenye robinet, Mélanie akaendelea kukinga maji. Alimwita tena, hakugeuka. Bibiane akadhani amenuniwa, akarudi ndani naye akanuna. Kesho yake darasani akaona jinsi Mélanie anavyokaa, kichwa kimepinda, kidevu kimegeukia begani, kama kuku anayesikiliza mwewe. Kisha akaona kola ya nguo yake. Upande wa kushoto ilikuwa na doa la njano, limekauka, na jingine bichi juu yake.

Alimsubiri njiani. Alipomkaribia aliisikia harufu kabla hajauliza.

"Ni nini mu sikio?"

"Maji."

"Haiko maji, hii. Tangu lini?"

"Tangu mbele ya Pasaka." Mélanie aliendelea kutembea. "Siku moja ilisema pi! ndani. Kisha iliuma usiku yote. Kisha ikaanza kutoka. Mama anatia mafuta ya ngazi, ile ya mawese, ya moto."

"Siku gani? Nani alipiga?"

"Unataka kujua ya nini?"

Bibiane alisimama katikati ya njia. Mélanie naye akasimama, akamgeukia, sikio la kulia mbele.

"Ni weye ulinifundisha," Bibiane akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayegombana. "Ulisema ni hewa tu. Ulisema haiumake!"

"Sikujua."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nikisema, utapiga pole. Ukipiga pole, atakuambia urudie." Mélanie akainua mabega. "Hata kwa mama nilisema ni mududu aliingia."

"Muende ku dispensaire, bakutie dawa!"

"Ku njia beko banauliza mulitoka wapi. Mama anaogopa."

Tangu siku hiyo Bibiane aliposikia jina la Mélanie likiitwa darasani, alijikuta anaomba yeye mwenyewe asijue jibu. Aliomba swali liwe gumu. Lakini alijua, alikuwa akijua kila mara, na mdomo wake ulijibu kabla yeye hajaamua. Siku moja alijilazimisha kusema hajui. Mademoiselle alimwita Germaine, na Germaine akawapiga wote wawili. Baada ya hapo Mademoiselle alimwita kando, akamshika bega kwa upole.

"Bibiane, weye njo niliwekea roho. Usiniangushe sasa. Dikte imekaribia."

Ndiyo ilikuwa shida ya Mademoiselle Hortense: alikuwa anawapenda. Aliwaletea vipande vya sabuni vya nyumbani kwake, na mtoto akiugua alikwenda kwao kumsalimu. Bibiane alitaka kumwambia palepale, na maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini alijua yatakayofuata. Mwenendo safi. Binti aliyemharibia mwenzake sikio, nani angempeleka kufundisha watoto?

Mwezi wa tano habari zikaja kwamba kutakuwa na treni za kuwapeleka watu wa Kasai kwao. Baba Germain akaandikisha familia yake. Mélanie alimweleza Bibiane kwenye saruji ya mlango, akiwa amekaa upande ambao angemsikia.

"Mama alifungula kile alikataza," alisema. "Sasa alisema: hii dikte andika yote, usiache hata kintu moja. Kule tunaenda, hakuna mwenye anatujua. Bataomba certificat ya sixième. Kama sikupita, nitabaki pa nyumba na kuolewa."

"Basi utakuwa wa kwanza," Bibiane akasema, akafurahi na kuogopa kwa pamoja.

Mélanie alicheka kidogo. "Sasa niko na ruhusa, sikio haiko. Kutoka pale nyuma sisikie kitu, Bibiane. Mademoiselle eko anasema kwa nguvu, yeye ninamusikia nusu. Lakini ma soeur Gertrude anasema sawa muntu anasali."

"Omba bakupeleke mbele."

"Akiuliza juu ya nini, nitamuambia nini?"

Bibiane akaanza kukwangua saruji kwa kucha.

"Unaona," Mélanie akasema. "Acha tu. Nitaangalia midomo yake."

Jioni ile, mama yake alipokuwa akisonga bukari, Bibiane alimwambia yote. Alianza na mkono wa kikombe, akamalizia na dikte. Mama Marceline alisikiliza bila kuacha mwiko. Alipomaliza kusonga alipakua, akafunika, akakaa kwenye kigoda.

"Mama yake anajua ni weye?"

"Hapana. Anazani ni mududu."

"Basi nyamaza mpaka dikte ipite. Kisha minye na weye tutaenda kwa Mama Émérence na kuku, tutaomba musamaha."

"Kisha ni wakati gani, mama? Kisha beko mu treni."

"Bibiane." Mama yake aliongea chini, akitazama mlango. "Baba yako alisimama mbele ya bunduki juu ya bale bantu. Siye tulifanya yetu. Hii kiti ya Élisabethville haitarudi mara mbili. Dada yako alikosa. Minye sikufika hata pa mulango. Weye uko mbele kabisa, unataka kugeuka nyuma unatafuta nini?"

"Alinifundisha kugawanya," Bibiane akasema.

"Najua alikufundisha. Kula."

Siku ya dikte darasa lilifagiliwa mara mbili. Ma soeur Gertrude aliingia na kitabu chake kidogo, mwembamba, mzee, sauti yake laini kama alivyosema Mélanie. Mademoiselle Hortense alisimama karibu na ubao amevaa gauni lake la Jumapili. Wasichana waliandika majina yao. Ma soeur akaanza kusoma sentensi ya kwanza, akairudia mara moja, kama ilivyokuwa desturi, kisha akasonga kwenye ya pili.

Bibiane aliandika. Maneno yalikuwa rahisi. Alijua yote, hata lile lenye herufi ambayo haitamkwi, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko alivyotegemea. Sentensi ya pili ilipomalizika aligeuza macho kidogo tu.

Kule nyuma Mélanie alikuwa amenyoosha shingo yote. Uso wake ulikuwa umepinda, kalamu hewani, macho kwenye midomo ya ma soeur. Ma soeur alikuwa amesogea kwenye dirisha la pembeni akiwapa mgongo, na hapakuwa na midomo ya kutazama. Mélanie akachungulia karatasi ya jirani yake.

"Weye kule nyuma!" Mademoiselle akaita. "Macho kwako!"

Mélanie akainamisha kichwa. Karatasi yake ilikuwa nyeupe.

Ma soeur akaanza sentensi ya tatu. Bibiane aliandika neno la kwanza, kisha la pili. Kisha akaona kwamba amesimama. Hakukumbuka kuamua.

"Ma soeur. Mélanie hasikie."

"Kaa chini, Bibiane," Mademoiselle akasema haraka.

"Sikio yake ya kushoto iliharibika. Haandike juu hasikie. Tafazali bamulete mbele."

Ma soeur Gertrude alifunga kitabu juu ya kidole chake. Alitembea mpaka benchi la nyuma, akamshika Mélanie kidevu, akamgeuza. Aliinama kutazama, na mara akarudisha uso nyuma kwa harufu.

"Nani alifanya hii?"

Mélanie aliangalia meza. "Mududu, ma soeur."

"Minye, ma soeur," Bibiane akasema.

"Ulimufanya na nini?"

Bibiane aliinua mkono, akaukunja kama kikombe, akauonyesha.

"Ulimupiga mwenzako mu sikio? Juu ya nini?"

Bibiane alitafuta jibu, na lililokuwepo lilikuwa moja tu.

"Juu nilijibu muzuri, ma soeur."

Ma soeur hakuelewa. Alimgeukia Mademoiselle Hortense. Uso wa Mademoiselle ulikuwa umebadilika rangi, lakini sauti yake ilikuwa imara.

"Ma soeur, minye sikugusa mutoto hata mumoja katika hii kalasi. Uliza bote. Fimbo nilivunja mwenyewe."

"Ni kweli, ma soeur!" Germaine akaruka kumtetea mwalimu wake. "Mademoiselle hapigake. Ni siye njo tunapiga. Mwenye anajua anapiga mwenye hajue. Siye bote!"

Alikuwa amesema kwa fahari. Kisha akawatazama wenzake, akaona wote wameinama, naye akakaa polepole.

Ma soeur Gertrude alionekana kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yake akakuta vyombo vimehamishwa. Mwishowe akamwinua Mélanie kwa mkono, akamleta mpaka benchi la mbele, karibu na mlango, akamkalisha upande wa sikio zima.

"Weye, toka inje," akamwambia Bibiane, si kwa ukali. "Mutoto mwenye anapasula sikio ya mwenzake, sitamutuma kwenda kufundisha bengine. Utaelewa kisha." Na kwa Mademoiselle akasema, "Weye na minye tutasema."

Bibiane aliacha karatasi yake juu ya meza. Nje alisimama kwenye baraza, mgongo ukutani. Ma soeur alianza dikte upya kutoka mwanzo, safari hii kwa sauti ya juu. Kila neno lilitoka mlangoni likamfikia, na kila neno alilijua. Kwa ufa wa mlango aliuona mkono wa Mélanie tu. Mwanzoni ulikuwa ukisitasita, kisha ukashika mbio.

Mélanie alikosa nukta moja tu katika dikte yote. Alikuwa wa kwanza, alipata certificat yake, na kwa kuwa alikuwa anaondoka nchini, ile nafasi ya Élisabethville akapewa aliyemfuata. Akapewa Germaine.

"Hata kwa Mélanie haukutoa ile kiti," Mama Marceline alisema siku majina yaliposomwa. "Ulitoa kwa Germaine. Ungejua vile, ungesimama?"

Bibiane alikuwa amejiuliza hivyohivyo. "Sijue, mama."

Mademoiselle Hortense hakufukuzwa. Walimu walikuwa wachache, wazungu wengi wa shule walikuwa wameshaondoka. Makofi yaliisha. Asiyejua sasa alipiga magoti kwenye changarawe pale mbele, mikono juu, mpaka ajue. Bibiane, aliyeambiwa atarudia darasa la sita kwa ajili ya mwenendo, siku zilizobaki alijibu maswali kwa zamu yake, na Mademoiselle alimwuliza bila kumtazama.

Mama Émérence alipojua ya sikio hakugombana. Alikuja kwenye robinet asubuhi, akamwambia Bibiane, "Kumbe haikukuwa mududu," akabeba ndoo yake akaenda. Mélanie alikasirika zaidi. Alimwambia Bibiane kwamba hakumwomba kusimama, kwamba sasa mji mzima unajua lupango yao, kwamba mama yake halali. Kisha siku mbili tatu baadaye akaja na daftari, akakaa kwenye saruji upande wake wa siku zote, na wakafanya hesabu ambazo hakuna aliyewapa.

Kamyo, lori la kuwapeleka gare kupanda treni, ilikuja kwa ghafla. Jandarme wawili walisimama kando, bunduki mabegani, na watu wakapandisha magodoro, masufuria, mashine ya kushona ya mtu, mbuzi aliyekataliwa akashushwa. Baba yake Bibiane alimsaidia Baba Germain kufunga kamba. Mama Marceline alikuja na yule kuku wa kuombea msamaha, amefungwa miguu, akampa Mama Émérence mikononi, na wale mama wawili wakashikana vichwa juu ya ukingo wa kamyo, wakalia.

Mélanie alikuwa amekaa pembeni, amebanwa kati ya godoro na mabati ya kamyo. Bibiane alijipenyeza mpaka chini yake, akashika ubao.

Alikuwa na mengi, na akayasema yote kwa haraka kwa sababu injini ilikuwa inawaka. Alisema anaomba msamaha. Alisema hakumpiga siku ile ya pi!, au labda ni yeye, hajui, na kutojua ndiko kunakomkosesha usingizi. Alisema atarudia la sita na mwakani atashinda. Alisema aende dispensaire, kule hawatauliza ametoka wapi. Mélanie alikuwa akimtazama kutoka juu, anatabasamu, anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo.

Ndipo Bibiane alipoona kwamba amesimama upande wa kushoto wa Mélanie.

"Ulisikia?" akapiga kelele. "Mélanie! Ulisikia nilisema nini?"

Mélanie akatikisa kichwa ndiyo, akitabasamu.

Bibiane aliuachia ubao, akakimbia kuzunguka nyuma ya kamyo apate upande wa pili. Jandarme mmoja akanyoosha mkono, "Weye, kamutoto, rudi nyuma," na palikuwa na masufuria njiani, na yule mbuzi, na watu wengi wamesimama wanaaga. Alipotokea upande wa kulia kamyo ilikuwa imeshaanza kwenda, na kutoka upande huo lililoonekana lilikuwa godoro tu.